Jani la Mwanamke wa Sindano

Mama aliingia wodini na theluji mabegani,
chupa ya chai kaikumbatia kama mtoto wa watu.
Ndani hamna chai.
Mna kuku mweusi, kachinjwa alfajiri katika gereji ya mjomba Chue,
na majani manane niliyoyaruka utotoni kila siku
chini ya ngazi, kwenye ndoo za rangi zilizokwisha,
taa ya zambarau ikiyawakia usiku kucha
kama duka lisilo na mteja.

Nilizionea haya ndoo zile.
Wenzangu wa shule wakija, naufunga mlango wa chini,
nasema kuna panya.

Sasa uchungu wanikamata kiuno, waniachia,
warudi, kama mdai anayejua nimo ndani.
Nesi ana fomu. Swali la kumi na moja:
*Dawa za kienyeji? Taja majina.*
Nafasi waliyoiacha haizidi upana wa kidole.
Namgeukia mama. Mama ananitajia kwa Kihmong, polepole,
kama anayehesabu wanawe kabla ya kulala,
nami nayajua kwa ulimi tu: hili chungu,
hili lina vinyweleo, hili lanuka mvua juu ya bati lenye kutu.
Naandika: *Mboga.*

Nesi, kwa wema wake, akaniletea maji ya barafu.
Mama akaipokea bilauri, akashukuru kwa kichwa,
akayamwaga kwenye sinki.
Akaletewa ya pili. Akamwaga.
Ya tatu ilikuja ikifuka mvuke,
na nesi hakusema kitu. Nampenda hadi leo.

"Nipe supu."
"Bado."
"Mama, nakufa."
"Hufi. Majani haya ni ya kufunga mlango,
na mgeni wetu hajavuka kizingiti.
Sukuma."

Saa tisa na robo usiku akavuka. Msichana.
Nyuma yake likafuata koti lake la kwanza,
ndivyo tuliitavyo kondo kwetu,
na mama akaliomba kwa mikono miwili.
Kumbe na hilo lina fomu.
Kule milimani Laos, la msichana
hufukiwa chini ya kitanda cha wazazi,
ili roho siku ya kurudi ijue pa kulivaa.
Sisi tunakaa ghorofa ya tatu.
Chini ya kitanda chetu ni dari ya mzee Lindqvist.
Basi koti limo kwenye friza, ubavuni mwa njegere,
lasubiri ardhi ya Minnesota ilainike.

Supu ilikuwa chungu, kisha tamu, kisha chungu tena.
Nikalitoa jani la mwisho mdomoni, nikaliinua kwenye taa.
"Hili laitwaje?"
Mama akaifuta chupa. Akaifuta tena.
"Sijui."

Kambini, ng'ambo ya Mekong, wiki niliyozaliwa mimi,
jirani asiye na meno alikuwa na jani,
mama alikuwa na sindano.
Wakabadilishana.
Kesho yake basi likawachukua wale, wakaenda.
"Sikumuuliza jina la jani. Wala lake."
"Na lilikusaidia nini?"
"Nilikunywa. Nikaamka."

Siku thelathini, kuku na majani.
Siku ya kumi na tisa nilimchukia kila kuku duniani.
Ya ishirini nikashuka ngazi kwa mama, Pa Kou kifuani,
kalamu ya wino mzito mkononi,
mama akitaja, mimi nikiandika ubavuni mwa ndoo,
saba, nikikosea herufi, nikifuta kwa mate.

Ya nane nikaichoma sindano yenye uzi mwekundu.
Plastiki ikapasuka. Maji yanavuja kidogo.
Nikataka kuhamisha mche.
Mama akasema iache.